Tunapokikumbuka kipindi cha Kilimani Sesame

Ukilitaja jina la Kilimani Sesame mbele ya vijana wanaosaidia kufundisha katika madrasa za Ngarenaro, Kaloleni au Usa River, nyuso zao hubadilika. Ni vijana wa miaka 20 na ushei, wenye haya na adabu mbele ya wakubwa, lakini jina hilo huwafungua ndimi. Mmoja atakueleza kwamba kabla hajajua kuandika jina lake alikwisha kujua kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Mwingine atakumbuka walivyokuwa wakikimbizana kurudi ndani ili wasipitwe na kipindi. Wa tatu atacheka tu, kisha ataanza kuhesabu kwa sauti ya kikaragosi, na wenzake wote watajua anamwigiza nani.

Sisi tuliowatangulia kwa umri tulikuwa sekondari wakati huo, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Tulikitazama kipindi kutoka nyuma ya mkeka, madaftari yakiwa mapajani, kwa kisingizio cha kuwaangalia wadogo zetu. Leo sisi ndio wazazi, na ndio tunaokaa katika kamati za misikiti tukiulizwa na wazazi wenzetu: mtoto atazame nini, na atazame kwa muda gani? Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kurudi nyuma na kukichunguza kipindi kile, tujue kilikuwa na nini ndani yake hata kikakaa katika vichwa vya watoto miaka yote hii.

Kwa asiyekijua, Kilimani Sesame kilikuwa kipindi cha elimu kwa watoto wadogo, wale ambao hawajaanza darasa la kwanza. Kilikuja kwa njia tatu: runinga, redio na vitabu vya hadithi. Kwenye runinga wahusika wake wakuu walikuwa vikaragosi, yaani wanasesere wa kitambaa na sponji. Mchezeshaji humvaa kikaragosi mkononi, humwinua juu ya kichwa chake, naye mwenyewe hubaki amejificha chini akitazama kwenye kioo kidogo namna picha inavyomfikia mtazamaji. Ni kazi ya kuumiza mabega. Mtoto aliyekaa sebuleni hajui habari hiyo. Yeye anamwona rafiki mwenye manyoya anayeuliza maswali yale yale anayouliza yeye. Katikati ya vikaragosi ziliwekwa picha za watoto wa Kitanzania, katika mazingira ya Kitanzania, wakisema Kiswahili.

Jina lenyewe lilikaa vyema masikioni mwa watu wa huku. Mtoto wa Poli, wa Sakila au wa Ngaramtoni anakaa kilimani kwelikweli; akifungua dirisha asubuhi Mlima Meru uko mbele yake, na hakuhitaji kuelezwa kilimani ni wapi. Neno la pili lina safari ndefu zaidi. Sesame ni ufuta, ambao Waarabu huuita simsim, na baadhi yetu hatujaacha kuuita hivyo tunapouliza bei ya mafuta yake sokoni. Wenye kipindi cha asili, Wamarekani, waliliokota katika kisa cha Ali Baba, pale mlango wa pango unapoamriwa ufunguke kwa jina la simsim. Na kisa hicho Mfaransa Antoine Galland alikisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa msimulizi Mkristo wa Halab, nchini Syria, aliyeitwa Hanna Diyab. Basi neno lilitoka Mashariki, likazunguka Ulaya na Marekani, likaturudia Arusha likiwa limevaa manyoya.

Habari ya namna kipindi cha asili kilivyozaliwa inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1966, mjini New York, mtayarishaji wa vipindi Joan Ganz Cooney aliwaalika wageni nyumbani kwake kwa chakula cha jioni. Miongoni mwao alikuwamo Lloyd Morrisett, mtaalamu wa saikolojia. Morrisett akasimulia kwamba binti yake wa miaka 3 huamka alfajiri na kukaa mbele ya runinga kabla vipindi havijaanza, akitazama ile picha ya mistari inayowekwa kusubiri matangazo. Zaidi ya hilo, mtoto alikuwa amehifadhi nyimbo za matangazo ya biashara bila kufundishwa na mtu. Baba akauliza: ikiwa chombo hiki kinaweza kumhifadhisha mtoto sifa za bidhaa, kwa nini kisimhifadhishe herufi na namba?

Swali hilo lingeweza kuulizwa leo katika nyumba yoyote ya Sombetini au Kijenge. Tumewasikia watoto wa madrasa, wakiwa wanasubiri zamu ya kusomewa, wakiimba kwa ufasaha tangazo la kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira. Hawajui kamari ni nini wala hukumu yake, lakini wimbo wake wanao kifuani. Mtoto ana kipawa cha kuhifadhi alichopewa na Mola wake, na kipawa hicho hakingoji ruhusa ya mzazi. Kinachukua kilichopo.

Cooney na wenzake walichukua miaka mitatu kujiandaa. Waliwaita walimu, madaktari wa watoto, wataalamu wa saikolojia, waandishi na wachoraji wakae pamoja, wakaandika kwa utaratibu mambo ambayo mtoto anapaswa kuyajua kabla hajaanza shule. Jim Henson akaleta vikaragosi. Kisha wakafanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililokitofautisha kipindi hicho na vingine vyote: waliwafuata watoto wenyewe kuwauliza, na kwa kuwa mtoto wa miaka 4 hawezi kukueleza kwa maneno kipi kimemchosha, wakatafuta njia ya kuyauliza macho yake. Mtafiti Edward Palmer alimweka mtoto mbele ya runinga, na kando yake akaweka kioo kingine kinachobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Mtoto anapogeuza shingo kutazama picha za kando, mtafiti anaandika: hapa tumempoteza. Sehemu iliyompoteza ilirudi kwa watayarishaji ikafanyiwe kazi upya.

Tena hawakuona haya kukubali matokeo. Wataalamu walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu katika mandhari ya mtaani, wakihofu mtoto atachanganya mambo ya kweli na ya kubuni. Vipindi vya majaribio vilipoonyeshwa kwa watoto wa Philadelphia mwezi Julai 1969, watoto walitulia vikaragosi vilipotokea na wakatawanyika macho walipobaki watu wazima wakizungumza. Ushauri wa wataalamu ukawekwa kando, na vikaragosi vikaletwa mtaani kuishi na watu. Ndipo alipozaliwa yule ndege mkubwa wa manjano. Kipindi kilianza rasmi tarehe 10 Novemba 1969.

Kutoka hapo kilitawanyika duniani, na kila nchi ilikivalisha nguo zake. Kwa msomaji wa gazeti hili huenda toleo la kuvutia zaidi ni la Kuwait, Iftah Ya Simsim, lililoanza mwaka 1979 kwa ushirikiano wa nchi za Ghuba. Watayarishaji wake walikabiliwa na tatizo la lugha: mtoto wa Kuwait hasemi Kiarabu cha mtoto wa Morocco. Wakaamua vikaragosi viseme Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, na walikuwapo waliotabiri kwamba watoto hawatakielewa. Watoto walikielewa, wakakipenda, na kipindi kikarushwa katika nchi nyingi za Kiarabu, mpaka Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 na mambo yote yakaharibika. Mwaka 2015 kilifufuliwa kutokea Abu Dhabi.

Hoja hiyo ya lugha tuliiona hapa kwetu kwa namna nyingine. Katika vijiji vya mteremko wa Meru, mtoto huanza na Kimeru kwa bibi yake. Upande wa magharibi, Kimaasai cha Waarusha. Na wapo wanaokua na Kichaga, Kipare au Kirangi cha wazazi waliohamia. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la kwanza hukutana kwa mara ya kwanza na mwalimu anayemtaka aseme Kiswahili siku nzima. Kikaragosi kinachosema Kiswahili safi, taratibu, kwa maneno ya mtoto, na kukirudia kesho na keshokutwa, kilikuwa kinamtengenezea njia mtoto huyo bila yeye kujua. Tena kwenye redio kilifika hata kwenye nyumba zisizo na umeme, na wakati ule zilikuwa nyingi huko juu.

Je, kilifundisha kweli, au ni sisi tunaokisifu kwa sababu ya utoto wetu? Jawabu lipo. Watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha waliwafuatilia watoto 223, wengine wa Dar es Salaam na wengine wa Kisarawe vijijini, kwa muda wa wiki 6, wakiwapima kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Watoto waliokipokea zaidi kipindi hicho walipiga hatua zaidi katika herufi na namba, katika kuishi na wenzao na katika mambo ya afya, hata baada ya watafiti kuzingatia umri wao na mahali wanakoishi. Wiki 6 ni muda mfupi. Madrasa nyingi katika muda huo mtoto bado anahangaika kuitofautisha bee na tee.

Katika mambo ya afya, somo kubwa lilikuwa malaria, na hapa Arusha ina sehemu yake katika kisa. Mjini kwetu, kwa kuwa tuko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, malaria si tishio kubwa kama ilivyo pwani. Lakini teremka kuelekea Mbuguni, au nenda mpaka Mto wa Mbu ambao jina lake linajieleza, na habari inabadilika. Tarehe 18 Februari 2008, Rais George W. Bush wa Marekani alikuja Arusha, akatembelea hospitali ya wilaya ya Meru na kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua vyenye dawa. Katika ziara hiyo lilitangazwa lengo la kugawa vyandarua milioni 5.2 kwa watoto wadogo wa Tanzania. Vyandarua vikashonwa na akina mama na mabinti wa hapa hapa, wengine wakiwa majirani zetu, vikapakiwa kwenye malori, vikaenda.

Lakini kila aliyewahi kutembea vijijini anajua chandarua kinavyoweza kuishia. Utakikuta kimefunika kitalu cha mboga, au kimezungushiwa vifaranga, au kimekunjwa sandukuni kikisubiri mgeni wa heshima. Kiwanda kinaweza kushona chandarua, na serikali inaweza kukifikisha mlangoni, lakini hakuna afisa wa afya anayekaa nyumba kwa nyumba saa 2 usiku kuhakikisha kimeshushwa. Anayeweza kukaa hapo ni mtoto. Mtoto aliyeambiwa na rafiki yake wa manyoya kwamba kila usiku tunalala ndani ya chandarua atasimama kitandani na kudai kishushwe, na mama aliyechoka atakishusha ili apate usingizi. Tuliyaona hayo kwa wadogo zetu. Hatudai kwamba kikaragosi kiliimaliza malaria. Tunasema kilimpata mtu ndani ya nyumba.

Jambo jingine ambalo kipindi hiki na ndugu zake wa Afrika hawakulikwepa ni Ukimwi. Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia. Tarehe 30 Septemba 2002, katika toleo lao la Takalani Sesame, alitambulishwa Kami, kikaragosi wa kike wa miaka 5, yatima, anayeishi na virusi vya Ukimwi. Jina lake limetokana na neno la Kitswana lenye maana ya kupokelewa. Huko Marekani walikuwapo wanasiasa walionung'unika kwamba habari hiyo haifai kwa watoto. Ni rahisi kunung'unika ukiwa mbali. Katika nchi zetu miaka ile, mtoto hakuhitaji runinga ili aijue habari hiyo. Alikuwa akiiona kwenye dawati la jirani yake, kwa mwenzake aliyezika wazazi wote wawili na sasa anatengwa wakati wa kula. Kami hakufundisha ugonjwa unavyoambukizwa kwa namna ya kumkera mzazi. Alifundisha kwamba mwenzako mgonjwa anaweza kukumbatiwa, na kwamba mwenye kufiwa na mama anaruhusiwa kulia na kumkumbuka. Sisi ambao dini yetu imetuusia mara kwa mara juu ya yatima na juu ya kumzuru mgonjwa, tulipaswa kuwa wa kwanza kumwelewa Kami.

Tunajua kwamba kufikia hapa wapo wasomaji wanaouliza maswali mawili: na hivi vinyago, na huu muziki? Ni maswali ya haki. Hatuandiki fatwa katika ukurasa wa familia, na kila mzazi anaye sheikh wake. Tutakumbusha tu yanayojulikana. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere aliokuwa akicheza nao pamoja na rafiki zake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza, habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Abu Daud amepokea pia habari ya farasi wa kuchezea mwenye mabawa ya vitambaa, ambaye Mtume alimuuliza habari zake na akacheka kwa jibu alilopewa. Kwa hoja hizo wanavyuoni wengi wameviacha vitu vya kuchezea vya watoto nje ya katazo la masanamu. Ama muziki, khitilafu ya wanavyuoni ni kongwe na haitamalizwa na katibu wa kamati. Wapo wanaoishia kwenye dufu na sauti ya mtu, na wapo wanaotazama maneno na makusudio. Mzazi wa kundi la kwanza ana haki ya kuondoa sauti na kubaki na picha, au kubaki na vitabu. Lakini asidhani kwamba akiizima runinga na kumwachia mtoto simu amejitoa katika tatizo la muziki.

Na simu ndiyo iliyotufanya tuandike. Mwaka 2013 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Arusha, kama ilivyozimwa Dar es Salaam kabla yake, na nyumba ambazo hazikuweza kununua king'amuzi zikabaki na kisanduku cheusi kilichowekwa maua juu. Miaka iliyofuata simu za kioo zikashuka bei, na zikaingia hata pale king'amuzi kiliposhindwa kuingia. Leo mtoto wa miaka 3 kwenye saluni, dukani au ndani ya daladala ya kwenda Tengeru anapewa simu ili anyamaze, na ananyamaza kweli.

Tofauti ya simu hiyo na Kilimani Sesame si kwamba moja ni mpya na nyingine ya zamani. Kipindi kilikuwa na mwisho. Kilianza saa yake, kikaisha, na kilipoisha zikaja habari za watu wazima ambazo mtoto hana haja nazo, basi akatoka nje kucheza na kuyaigiza aliyoyaona. Kuigiza huko kulikuwa nusu ya somo. Simu haina mwisho. Picha moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na anayeichagua ni mashine inayojua kitu kimoja tu, kwamba mtoto huyu hajageuza shingo. Palmer alipima shingo ya mtoto ili ajue kama somo limefika. Mashine inapima shingo hiyo hiyo ili mtoto asiondoke. Kipimo ni kimoja, makusudio yametengana kabisa, na nadhani hakuna njia fupi zaidi ya kueleza kilichobadilika kati ya utoto wa wadogo zetu na utoto wa wanetu.

Jingine ni kwamba kipindi kilitazamwa mbele za watu. Runinga ilikuwa moja, sebuleni, na bibi alikuwapo akichambua mchele. Hata kama hakuwa akitazama, alikuwa akisikia, na mtoto alipouliza kwa nini yule analia, alikuwapo wa kumjibu. Simu imeinamiwa na mtoto peke yake. Hakuna anayesikia kinachosemwa humo, hasa pale inaposema lugha ambayo mama haijui.

Wala haifai kusema kwamba vizuri vyote vilikwisha na Kilimani. Dar es Salaam wapo Watanzania waliolichukua jukumu hilo wenyewe. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili, na baadaye ikafuatwa na Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Akili ni binti wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, jirani yetu, na akilala huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza na rafiki zake wanyama. Si vikaragosi tena, ni michoro ya kompyuta, lakini utaratibu ni ule ule wa kupanga somo kwanza na kuwajaribia watoto. Utafiti uliofanywa Morogoro kwa watoto 568 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliokitazama kipindi hicho kwa wiki chache waliwapita wenzao katika kuhesabu, kuzitambua namba na maumbo, na kuchora. Kwa hiyo chakula kipo. Kinachokosekana ni mpakuaji.

Suala hili lililetwa mbele ya kamati yetu na akina mama, tunapaswa kulisema hilo kwa haki yao. Walilalamika kwamba watoto wanakuja madrasa macho mekundu, hawatulii kwenye ubao, na kwamba wakinyang'anywa simu hulia kama waliofiwa. Maoni yaligawanyika. Mwalimu wetu mkubwa, mzee ambaye amewasomesha baadhi yetu na wazazi wetu, alitaka tangazo litolewe Ijumaa kwamba mtoto wa madrasa asionekane na simu. Vijana wakasema tangazo hilo litatiiwa mpaka Ijumaa inayofuata. Mama mmoja muuza mitumba akasimama akasema maneno ambayo hayakujibika: yeye hana dada wa kazi wala mama mkwe nyumbani, simu ndiyo inayomshikia mtoto akipika, wanaotaka aizime wamwambie nani atamshika mtoto saa hiyo.

Ndugu zetu wa pwani walikwisha kuyapitia mazingatio yanayofanana na haya. Mombasa tangu mwaka 1986, na Zanzibar tangu 1990, zilianzishwa shule za awali za madrasa ambazo mtoto husoma dini yake pamoja na herufi na namba, kwa nyimbo, michezo na vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu, mbegu na makopo yaliyotupwa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo tangu siku za mwanzo. Hapakuwa na runinga hata moja. Palikuwa na akina mama wa mtaani waliofunzwa kukaa chini na mtoto. Tulilitaja hilo kikaoni kwa sababu baadhi ya wajumbe walikuwa wameanza kuamini kwamba suluhisho ni kununua kioo kikubwa zaidi.

Tulichokubaliana ni kidogo, na ni cha majaribio mpaka Ramadhani. Kila Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri, katika chumba cha mikutano, si mahali pa kuswalia, watoto wadogo watatazama kipindi kimoja cha Kiswahili kilichochaguliwa na walimu wiki iliyotangulia. Kipindi kimoja, kisha runinga inazimwa. Baada ya hapo nusu saa ni ya maswali na ya kuigiza walichokiona, na kuhesabu kwa mawe na mbegu. Mzazi mmoja au wawili watakaa nao kwa zamu, akina baba wakiwamo. Zamu za akina baba ndizo zilizotuchukulia muda mrefu kupanga. Kuhusu muziki, mwalimu mkubwa amesema atakaa mwenyewe chumbani Jumamosi mbili za mwanzo, asikilize, kisha ndipo aseme. Yule mama muuza mitumba amepata alau saa moja na nusu kwa wiki, naye amesema wazi kwamba haimtoshi, na kamati imeliandika neno hilo katika kumbukumbu kama alivyolisema.

Bado tunatafuta kitu kimoja. Vitabu vya hadithi vya Kilimani Sesame vilivyogawiwa miaka ile vinaweza kuwa vimebaki katika baadhi ya nyumba, kwenye makabati au chini ya magodoro. Aliye nacho, hata kama kimekosa jalada, akilete ofisini kwa katibu siku yoyote baina ya Alasiri na Magharibi. Tutakitia nailoni na kukirudisha kwenye mikono ya watoto.